Mlio Mrefu Mmoja, Mifupi Miwili

Mama Filimbi hakuzaliwa na filimbi mdomoni, ingawa watoto wa darasa la kwanza waliamini hivyo na usingeweza kuwatoa kwenye imani yao. Kabla ya filimbi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule miaka ishirini na sita, mpaka goti lake la kulia likagoma kukanyaga pedeli. Daktari akamwambia apumzike. Akapumzika wiki tatu. Wiki ya nne mumewe, dereva mstaafu wa malori, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kuuliza kama hakuna kazi yoyote anayoweza kupewa mwanamke yule, maana nyumbani alikuwa ameshapanga upya kila kabati na sasa alikuwa ameanza kumpanga yeye.

Kazi ilikuwepo, na haikuwa na mgombea hata mmoja. Lango la shule lilitazamana na barabara kuu, pana na iliyonyooka, barabara ya kumshawishi dereva akanyage mafuta. Mbele ya lango palikuwa na kivuko, ile michoro ya pundamilia, lakini ilikuwa imefifia kiasi kwamba madereva wengi waliidhania madoa ya rangi yaliyomwagika. Mwaka ule watoto wawili walikuwa wamegongwa ndani ya muhula mmoja. Basi akapewa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, bango la duara lililoandikwa SIMAMA, na filimbi nyeusi ya plastiki. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa dunia: asigongwe mtoto kwenye kivuko chake. Na kwa miaka kumi na moja dunia ilimpa.

Haikumpa bure. Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe haukuwa na simile. Mlio mmoja mrefu: magari yasimame. Milio miwili mifupi: watoto wavuke. Hapakuwa na mlio wa tatu. Kila mwanzo wa mwaka aliwachukua darasa la kwanza hadi uwanjani, akawachorea barabara kwa chokaa, akawazoeza mpaka miguu yao ikajua yenyewe. Mlio mrefu, wote wanaganda. Mifupi miwili, mguu unatoka. Mzazi mmoja alilalamika kwamba mwanawe sasa hakubali kutoka chumbani kwenda kuoga mpaka apigiwe miluzi miwili mifupi. Mama Filimbi alicheka mpaka akashika ubavu, akamwambia, "Samaki mkunje angali mbichi."

Alikuwa anajivunia jambo hilo, kwa nini nifiche? Wageni walipokuja shuleni, mwalimu mkuu aliwapitisha maktaba, akawapitisha bustani ya mboga, halafu akawaleta langoni saa ya kutoka wakaone watoto mia mbili wanavyovuka kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Mama Filimbi alijifanya hawaoni wageni. Siku hizo kizibao kilikuwa kimepigwa pasi.

Jioni alikaa na mumewe sebuleni, anachua goti kwa mafuta, anamsimulia barabara. Mzee alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na tano na alipenda kusikia habari za barabara kutoka upande wa pili.

"Kila umri una ujinga wake," Mama Filimbi alimwambia siku moja. "Wa miaka sita anaamini kwamba akiliona gari, basi na gari limemwona yeye. Na kichwa chake hakifiki hata kwenye boneti. Wa kumi na tatu anajua kila kitu, ila hajui kwamba anaweza kufa. Kijana wa ishirini ameziba masikio kwa muziki. Halafu anakuja baba mtu mzima, anaandika ujumbe kwenye simu huku anavuka, na mtoto amemshika mkono kwa upande wa magari."

"Na mzee?" mumewe akauliza. Alikuwa na miaka sabini na alijua zamu yake inakuja.

"Mzee anavuka barabara ya mwaka aliooa. Analiona gari kule, anasema, aa, hilo bado. Hajui magari ya siku hizi yanafika kabla hajaimaliza hiyo aa."

"Mwenye macho haambiwi tazama," mzee akajitetea.

"Mwenye macho ndiye wa kuambiwa, mume wangu. Kipofu anauliza mwenyewe."

Mzee aliyekuwa anamfikiria hasa ni fundi saa. Nyumba ya fundi saa ilikuwa nyuma ya shule na kibanda chake cha kutengenezea saa kilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kufika themanini. Kila siku ilipokaribia saa sita mchana alirudi kibandani baada ya mapumziko yake, na alivuka kwa hatua fupi fupi, kama anapima kitambaa kwa nyayo. Ukimharakisha, anasimama katikati ya barabara kukujibu.

"Shikamoo, mzee," Mama Filimbi alimwamkia, bango juu.

"Marahaba. Usiniharakishe."

"Mimi sikuharakishi. Linalokuharakisha ni lori lile."

"Lori lina breki. Mimi nina miguu miwili tu, na mmoja si mzuri."

Alimpenda mzee yule kwa ubishi wake. Alimvusha taratibu mpaka ng'ambo, akamwacha ukingoni salama, ndipo akarudi kuwachukua watoto. Darasa la kwanza walitoka saa hiyohiyo, na walijua kumsubiri ukingoni mwa barabara kwa mistari ya watu saba saba, vidole vya miguu nyuma ya rangi nyeupe. Walisubiri vizuri. Kama hawajasikia mifupi miwili, hata uwaite kwa pipi hawatoki.

Mwaka huo katika mstari wa mbele alikuwepo binti mmoja mdogo kuliko wenzake, mwenye doti jeusi juu ya mdomo. Kila mtu alimwita Kidoti, hata mwalimu kwenye daftari la mahudhurio aliwahi kupitiwa akaandika Kidoti. Mama yake alikuwa msusi, saluni yake mtaa wa pili. Kidoti alipenda kusimama mbele kabisa, na alivuka kifua mbele, amenyanyua kidevu, kama amekabidhiwa nchi.

Kupakana na ukuta wa shule, upande wa kulia wa lango, palikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Malori ya mabati na saruji yaliingia na kutoka hapo kinyumenyume, na siku zote dereva na utingo wake walielekezana kwa kupiga makofi ubavuni mwa gari. Jumatatu moja mwenye duka akaajiri mlinzi mpya, kijana mwembamba aliyevaa sare ya mtu mnene. Alikuwa mpole, ana adabu, anamwamkia Mama Filimbi kila asubuhi. Jumatano mwenye duka akamnunulia filimbi, awe anayaelekeza malori kitaalamu.

Alhamisi, karibu saa sita mchana, Mama Filimbi alipiga mlio mrefu, magari yakasimama, akamvusha fundi saa. Siku hiyo mguu ule usio mzuri ulikuwa mbaya zaidi na walichukua muda. Walipofika ng'ambo aliyaruhusu magari yapite, maana yalikuwa yamejipanga marefu na honi zilikuwa zimeanza kutukana. Akawa anasubiri nafasi ya kurudi. Kule upande wa shule mstari wa watu saba ulikuwa umetulia tuli.

Lori la mabati likaanza kutoka dukani kinyumenyume. Mlinzi akasimama nyuma yake, akaingiza filimbi mdomoni, akamwambia dereva njoo, njoo. Milio miwili mifupi.

Miguu saba ikatoka pamoja. Mama Filimbi aliiona. Alifungua mdomo kuwaita, filimbi hata haikumjia akilini, lakini sauti ya mwanamke mmoja itavukaje barabara ya njia mbili yenye magari? Sita walikuwa hatua moja tu ndani ya lami pikipiki ilipofika, na mwendesha pikipiki aliukata usukani kuwakwepa. Kidoti, kwa kuwa alikuwa ameshawatangulia wote kwa hatua, hakukwepeka. Pikipiki ilimpiga mguuni, ikaanguka, ikaburuzika mpaka kwenye ukuta wa shule. Kidoti alikaa chini katikati ya mchoro mweupe, hata hakulia mara moja. Alikuwa anaushangaa mguu wake.

Namna alivyovuka Mama Filimbi hata mwenyewe hakumbuki. Anakumbuka tu kwamba alikuwa amepiga magoti kwenye lami, na goti halikuuma.

Mwendesha pikipiki, damu ikimtoka kwenye kiwiko, alisimamisha teksi mwenyewe akambeba mtoto. Watu wakajaa. Na wakijaa watu, lazima apatikane mkosaji kabla hawajatawanyika. Watoto wa darasa la kwanza wakasema kweli tupu: "Tulisikia filimbi." Macho yote yakahamia kwa mlinzi, ambaye filimbi yake ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kijana yule alikuwa na siku nne kazini, hana ndugu mtaa ule, hana wa kumsemea. Wakaanza kumvuta sare. Mwenye duka akatoka, akamwondoa mikononi mwao kwa kumtangaza palepale kuwa kazi hana.

Mama Filimbi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Alikuwa anajua. Mtoto mmoja anaweza kukosea, lakini saba hawakosei kwa pamoja, kwa mguu uleule, kwa sekunde ileile. Wale walikuwa wametii. Aliyajua hayo na alinyamaza, akaingia kwenye teksi na Kidoti, na mlango ukafungwa.

Hospitali walimpiga picha, wakakuta mfupa wa muundi umevunjika mahali pamoja. Daktari alisema mifupa ya umri huo ina huruma, itaunga. Kidoti akafungwa plasta ngumu kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Mama yake alifika na chanuo bado limechomekwa kwenye nywele zake, akamkumbatia mwanawe, akatoka kidogo kwenda kuongea na daktari. Wakabaki wawili.

"Bibi," Kidoti akasema kwa sauti ndogo.

"Naam, mama."

"Mimi nilivuka vizuri. Zilipigwa mbili."

Aliomba apongezwe. Ndivyo alivyomtazama, na kile kidevu alichozoea kukinyanyua alikinyanyua hata hapo kitandani. Mama Filimbi akasema, "Ndiyo, mama, ulivuka vizuri," halafu akaenda kusimama dirishani kwa sababu hakutaka mtoto amwone anavyolia.

Nyumbani mzee alijaribu kumfariji kwa lile neno ambalo watu hulitoa mfukoni kila pikipiki inapolala chini. "Ajali haina kinga, mke wangu."

"Hii ilikuwa na kinga," akajibu. "Niliitengeneza mwenyewe, na ndiyo iliyomgonga. Mimi sikuwafundisha kuvuka barabara. Niliwafundisha kunivuka mimi. Wakitoka hapa wakaenda barabara nyingine, nani atawapulizia? Na akipuliza mwingine?"

Mzee akamwuliza swali la dereva. "Yule kijana mwenye filimbi, amefanya kosa gani?"

"Hakuna."

"Basi unajua pa kwenda kesho."

Asubuhi walikutana katika ofisi ya mwalimu mkuu: mwenye duka, mama yake Kidoti, fundi saa aliyejialika mwenyewe, na mlinzi, ambaye alikuwa ameletwa kuomba radhi kabla ya kuondoka. Sare alikuwa amesharudisha. Alivaa fulana, alionekana mdogo kuliko jana. Alikuwa ameanza kusema samahani, Mama Filimbi akamkatiza.

"Kaa, mwanangu. Hilo samahani ni langu, umelichukua bila kuniuliza."

Akawaeleza. Hakutia chumvi na hakupunguza. Alisema kwamba lori linaporudi nyuma watu hupuliza hivyo, hakuna aliyemzuia kijana kupuliza, na hakuna aliyemwambia kwamba jirani yake kuna watoto mia mbili waliofundishwa kutoa mguu wakisikia milio miwili mifupi. "Aliyewafundisha ni mimi. Niliwafundisha masikio, macho nikayaacha. Na jana niliona mnamshika, nikanyamaza, kwa sababu nilipenda mno kuitwa mwanamke ambaye watoto wake hawagongwi. Hilo nalo ni langu."

Mwenye duka alitazama viatu vyake. Fundi saa akakohoa, akasema, "Kama ni kugawana, na mimi nipimieni. Ni mimi niliyemchelewesha ng'ambo kule."

"Wewe umechelewa tangu mwaka uliozaliwa, mzee, hatuwezi kuanza kukulaumu leo," Mama Filimbi akamwambia, na mwalimu mkuu akaificha sura yake nyuma ya miwani.

Lakini mama yake Kidoti hakucheka. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, mikono ambayo siku zote inashughulika. "Mama," akasema, "mimi mwanangu nilimkabidhi kwako. Nilikuwa nasikia filimbi yako mpaka saluni. Nikiisikia, najua ameshavuka, naendelea kusuka."

"Najua, mwanangu."

"Sasa nitasikiliza nini?"

Mama Filimbi alivua kamba ya filimbi shingoni, akaiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu. Akasema, "Kama mnataka nami niondoke, nitaondoka. Kama mnaniacha, nipeni hawa watoto niwafundishe upya, na safari hii bila hii."

Walibishana mpaka kengele ya mapumziko. Wapo wazazi ambao baadaye walisema mwanamke yule alitakiwa kufukuzwa, na sitasema walikosa haki ya kusema. Msusi ndiye aliyekata shauri, akiwa ameshasimama mlangoni. "Abaki," akasema. "Huyu sasa anajua alipokosea. Mtakayemleta mpya bado hajakosea." Mlinzi alirudishiwa sare yake ya mtu mnene na malori yakarudi kuelekezwa kwa makofi.

Kufundisha macho kulikuwa kazi ngumu mara kumi kuliko kufundisha masikio. Wiki za kwanza watoto walisimama ukingoni wakimtazama yeye usoni, wanasubiri. "Mimi si gari," aliwaambia. "Kuna kitu gani kwenye uso wangu? Tazama barabara uniambie unaona nini." Kila siku mtoto mmoja aliongoza: anatazama kulia, kushoto, kulia tena, anasema kwa sauti anachokiona, halafu ndiye anayesema "sasa". Bango lilibaki mkononi mwa Mama Filimbi, na madereva bado walimwogopa, lakini neno lilikuwa la mtoto. Mara ya kwanza waliposubiri dakika sita nzima kwa sababu kiongozi wao aliogopa baiskeli iliyoegeshwa, mumewe aliyekuja kumletea mwavuli alicheka sana.

Fundi saa naye akajipa kazi. Alileta saa yake ya kupimia mbio, akaketi kwenye kiti chake nje ya kibanda, akapima wiki nzima. Ikaonekana kwamba mtoto anavuka kwa sekunde saba, yeye mwenyewe kumi na nane. Gari linakula nafasi ya nguzo moja ya umeme hadi nyingine kwa sekunde nne na ushee. "Kwa hiyo," aliwatangazia darasa la kwanza kwa sauti ya hakimu, "mtoto avuke gari likiwa nyuma ya nguzo ya pili. Mzee kama mimi, nguzo ya nne au ya tano. Pikipiki msizipimie nguzo, hazina adabu." Aliifuata sheria yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Sasa alikuwa anasimama ukingoni na kusubiri, ananung'unika lakini anasubiri.

Halafu Mama Filimbi akaleta mchezo. Mara kwa mara, gari likiwa linakuja, aliwageukia watoto ghafla akasema, "Haya, twendeni," kwa sauti yake ileile ya kila siku. Atakayetoa mguu ameshindwa. Mwanzoni aliwapata wengi na alihuzunika kuona jinsi walivyomwamini. Kila aliyeshindwa alimwambia neno moja tu: "Hata mimi nikisema, tazama kwanza." Baada ya mwezi wakawa hawapatikani. Alijaribu kuwachekesha, kuwakemea, kujifanya ana haraka, mara nyingine kuwasalimia katikati ya barabara. Walimjibu kwa pamoja kwamba kusalimiana ni baada ya kuvuka, na wakimwona anajaribu tena, wanamwimbia: "Hutupati, bibi."

Kidoti alikaa nyumbani wiki saba. Mama Filimbi alikwenda saluni kila Jumamosi, akaketi karibu na kochi la mtoto chini ya kioo kikubwa, akamwonyesha mchezo kwa kutumia chanuo na makopo ya mafuta ya nywele. Kidoti alishindwa mara ya kwanza tu. Mama yake alisuka huku akiwasikiliza. Hakusema neno, lakini Jumamosi ya nne alimwekea Mama Filimbi mto nyuma ya mgongo.

Kidoti alirudi shule siku ya Jumatatu, anachechemea kidogo, na siku hiyo mchana akaomba awe kiongozi. Wenzake walimpa nafasi ya mbele bila kugombana. Mama Filimbi akasimama kando yake na bango, anajitahidi hofu isimwonekane usoni.

Lori kubwa likapunguza mwendo, likasimama taratibu mbele ya pundamilia. Dereva akatoa kichwa dirishani. Alikuwa utingo wa zamani wa mumewe, siku hizi ni dereva kamili, mtu waliyemlea kama mtoto wao.

"Shikamoo, mama. Mzee hajambo?"

"Marahaba, mwanangu, hajambo. Anakuulizia kila siku, hupiti nyumbani." Akampungia mkono, uso wote umekunjuka kwa furaha, akageuka kwa watoto, akanyanyua bango. "Haya, twendeni."

Akatia mguu barabarani. Kidoti hakutoka. Alikuwa ameudaka upindo wa kizibao kwa mikono miwili na amekaza miguu yote, mzima na ule uliounga.

"Bibi, bado."

Pikipiki ilitokea nyuma ya lori, ikalipita kwa upande wa nje, ikakatiza mchoro wa pundamilia kwa mwendo wa kufa mtu. Upepo wake ulikigeuza kizibao. Mama Filimbi akajikuta amerudi ukingoni, hajui kama amejirudisha au amevutwa.

Mstari mzima ukapiga makofi. "Hutupati, bibi," wakaimba, na Kidoti akaruka ruka kwa mguu mmoja. "Nimeona gurudumu, bibi. Chini ya lori. Wewe ni mrefu, huwezi kuona chini ya lori, lakini mimi nimeliona linakuja."

Walidhani ni mchezo. Angeweza kuwaacha wadhani hivyo. Angecheka, angesema mmenishinda, na pasingekuwa na mtu wa kujua. Alimtazama yule mtoto, na alisikia hofu na furaha kwa wakati mmoja. Akapiga goti lake baya chini, nyuso zao zikawa sawa.

"Kidoti, sikuwa nakujaribu. Sikuiona."

Kidoti aliacha kuruka.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa nasalimiana."

Mtoto akamwangalia kwa huruma ya mtu anayeijua kazi. "Bibi," akasema, "kusalimiana ni baada ya kuvuka."

"Ni kweli, mama. Nimekosea." Akajishika kwenye bango, akasimama. "Basi niambie wewe. Tuvuke saa ngapi?"

Kidoti akainama, akachungulia chini ya lori mpaka mwisho wake. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena, bila haraka yoyote, huku dereva amezima injini na magari mengine yamejipanga nyuma yake. Mama Filimbi akasubiri pamoja na wengine, vidole vya miguu nyuma ya rangi nyeupe.

"Sasa," Kidoti akasema, na wote wakavuka.